Amepata Wapi Pochi Ile?

Kaa kwenye kimbweta chochote cha chuo hapa Tabora saa za mchana, kivuli cha mwembe kikiwa bado kinatosha watu wanne, utalisikia. Binti anapita, begani kaning'iniza mkoba wa kahawia wenye herufi L na V zilizopandana. Mmoja anainua macho kutoka kwenye daftari: "Huyu naye, pochi ile kapata wapi?" Wenzake wanacheka, hakuna anayejibu, maana jibu limeshatangulia swali. Kuna sponsa. Au baba yake anakaa kwenye ofisi yenye mgao. Au boom lote, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, limeishia begani, na wiki mbili zijazo atakuwa anagonga milango ya hosteli kuomba sukari. Hukumu tatu kwa ushahidi mmoja, na mshitakiwa hajafika hata mlango wa maktaba.

Nimekuwa nikiusikia mjadala huu kwa muda sasa, na kinachonishangaza ni kwamba hakuna anayeukagua ushahidi wenyewe. Watu wanabishana kama ni haki au si haki mwanafunzi kubeba mkoba wa anasa, wakati swali la kwanza lilipaswa kuwa kama huo mkoba ni wa anasa.

Tuanze na bei, kwa sababu ndiyo inayowasha moto. Mkoba wa Louis Vuitton unaoonekana sana mabegani kwa mabinti zetu ni ule mkubwa ulio wazi juu, unaoitwa Neverfull, uliotoka mwaka 2007. Ule halali, kwenye duka la kampuni, unauzwa karibu dola 2,000, yaani kama shilingi milioni 5. Kampuni hiyo haina duka Tanzania, haiwapi wauzaji wengine bidhaa zake kwa jumla, na haina desturi ya kushusha bei mwisho wa msimu. Sasa weka pembeni fedha ya kujikimu ya mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo: kiwango cha juu ni shilingi 10,000 kwa siku, tangu kilipopandishwa kutoka 8,500 mwaka wa masomo 2022/23. Anayetaka kununua Neverfull kwa boom itabidi afunge siku 500, asile, asilipe chumba, asipande bajaji, asitoe kopi hata ya karatasi moja. Na kwa kuwa likizo ndefu haina boom, siku 500 ni kama miaka miwili mizima ya masomo. Angehitimu akiwa na mkoba na utapiamlo.

Kwa hiyo ile hukumu ya tatu, ya boom kuishia begani, imekufa kabla haijasimama. Kinachobaki ni kwamba mkoba ule ni feki, au ni mtumba, au kuna shangazi aliyerudi nao kutoka Muscat. Na hapa kwetu feki ndiyo mwenyeji. Mzigo unatoka Guangzhou, unashuka Kariakoo, unapanda basi au treni, unaamkia Tabora. Sokoni unatajiwa elfu 45, unaondoka nao kwa 25, na ukiwa na mdomo mzuri unaongezewa kipochi kidogo cha ndani. Wauzaji hawana aibu nao. Wenyewe wanazipanga kwa madaraja: hii kopi ya kawaida, hii imekaribia kabisa, hii ukiivaa hata mwenyewe Mfaransa atakusalimia. Ipo Sheria ya Alama za Bidhaa tangu 1963, na Tume ya Ushindani hukamata na kuteketeza bidhaa bandia, lakini ukisema uwasubiri wao ndio waimalize biashara hii utasubiri sana.

Kuna kichekesho kwenye historia ya ile alama. Louis Vuitton alifungua duka lake Paris mwaka 1854 akiuza masanduku ya safari. Kopi zilianza mapema kiasi kwamba mwaka 1888 kampuni ilibuni turubai la mirabaraba ili kuwakwepa wanaoiga. Haikutosha. Mwaka 1896, baba yake akiwa ameshafariki, Georges Vuitton akabuni yale maua na herufi zilizopandana, tena kwa lengo lile lile, ili kila mtu aweze kutofautisha mali halisi na ya kuiga. Zaidi ya miaka 120 baadaye, alama iliyochorwa kuzuia feki ndiyo inayowapa kazi mafundi wa feki dunia nzima. Hata mgeni asiyejua lolote kuhusu mikoba anaijua ile nembo, na hiyo ndiyo sababu inaigwa: mwigaji haigi kitu ambacho watu hawatakitambua.

Jambo jingine ambalo majaji wa kimbwetani hawalijui ni kwamba Neverfull ya nembo ile, hata ile halali ya milioni 5, kwa sehemu kubwa si ngozi. Ni turubai la pamba lililopakwa plastiki. Ngozi ipo kwenye mishikio na kingo, nayo ni ngozi isiyotiwa rangi, inayoanza ikiwa nyeupe kama maziwa yenye chai kidogo, halafu kwa jua na jasho la mkono inageuka polepole kuwa ya asali. Kwenye feki nyingi mishikio inabaki na rangi ile ile hadi ibanduke. Anayetaka kweli kujua kapata wapi angetazama mishikio kwanza. Hakuna anayetazama mishikio.

Mtumba nao una mambo yake. Belo likifunguliwa, humo ndani kuna kila kitu: mkoba usio na zipu, mkoba wenye harufu ya kabati la mtu Ulaya, na mara moja moja kunaanguka Coach au Michael Kors halali kabisa ambayo muuzaji mwenyewe haijui. Anaitaja elfu 15 kwa sababu imechubuka pembeni. Binti mwenye jicho anaichukua, anaisugua kwa mafuta ya mgando, anatoka nayo. Huyo kabeba kitu halali kwa bei ya sahani chache za ubwabwa. Mwenzake kabeba feki kwa bei kubwa zaidi. Wa tatu, labda yupo mmoja chuo kizima, kanunuliwa na wazazi dukani Dubai. Ukiwa umekaa umbali wa hatua kumi, hao watatu huwezi kuwatenganisha, na bado utawahukumu wote kwa bei ya yule mmoja.

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa porojo. Kumsoma mtu vibaya kuna gharama, na gharama hiyo analipa maskini.

Chukua binti aliyetoka Kaliua au Sikonge, nyumbani wanalima tumbaku, fedha inaonekana mara moja kwa mwaka mzigo ukishauzwa na chama cha msingi kikishakata madeni ya pembejeo. Kapata mkopo nusu. Kabla hajaondoka, dada yake anayeuza mitumba kamzawadia mkoba wenye LV ili na yeye aonekane mtu. Muhula wa pili anaugua. Darasa linapitisha mchango kwa wanafunzi wenye shida, na kamati ya watu watatu inakaa kupanga nani apewe. Hawana karatasi mbele yao. Wana macho na kumbukumbu. Jina lake likitajwa, mtu mmoja anasema, "Yule mwenye pochi ile?" na kikao kinahamia kwa jina linalofuata. Sijasema hao wana roho mbaya. Nadhani wanaamini wanalinda fedha ya wenye shida. Lakini elfu 25 ya feki imemgharimu mtu matibabu.

Bodi ya Mikopo, pamoja na malalamiko yote tunayoijua nayo, haifanyi hivyo. Inataka cheti cha kifo cha mzazi, fomu ya ulemavu, uthibitisho kuwa kaya iko kwenye mpango wa TASAF wa kaya maskini, historia ya ada ya shule uliyosoma. Unaweza kubishana na vigezo, na watu wanabishana kila Oktoba orodha zikitoka, ila angalau ni karatasi ambayo mtu anaweza kuikatia rufaa. Macho ya kimbwetani hayana dirisha la rufaa.

Kwa nini basi wanainunua, kama inawaletea balaa? Nina maelezo mawili, na la kwanza halina utukufu wowote: ni mkoba mzuri kwa kazi yake. Mwanafunzi wa kike anatoka geto asubuhi anarudi usiku. Anabeba faili la A4, daftari, chaja, chupa ya maji, kanga, pedi, mwavuli msimu wa mvua, chakula kwenye kopo. Neverfull ni kapu kubwa lisilo na fujo za mifuko, linamezea vyote hivyo, linafunguka kwa mkono mmoja. Waigaji waliiga umbo ambalo lingeuzika hata bila nembo. Ukienda sokoni kutafuta mkoba mkubwa wa bei ya elfu 20 ambao hauna alama ya kampuni yoyote, utazunguka mpaka miguu iume. Mkoba mtupu usio na nembo ndio adimu. Kwa mabinti wengi, kumbe, LV haikuchaguliwa. Ilikuja na begi.

Maelezo ya pili yanahusu sare. Mtoto wa Kitanzania anaingia darasa la kwanza na sare, anatoka kidato cha sita na sare. Nenda Tabora Boys au Tabora Girls: mtoto wa mkulima na mtoto wa mkurugenzi wanavaa kitambaa kimoja, wanatofautishwa na soksi na sanduku la bati. Miaka 13 hivi mtu anaishi bila kulazimika kuonyesha yeye ni nani kwa nguo, na bila kulazimika kuwasoma wengine. Halafu mwezi mmoja, sare inaondoka. Watu mamia wa umri mmoja wanatupwa kwenye uwanja mmoja, kila mmoja ana uhuru wa kuvaa ambao hajawahi kuwa nao, na kila mmoja anajifunza lugha ya mavazi siku hiyo hiyo, bila mwalimu. Ndiyo maana mwaka wa kwanza ni wakatili kuliko mwaka wa tatu. Anayevaa anakosea kwa kuzidisha. Anayetazama anakosea kwa kuamini anachokiona. Ukiwaona wale wale wakiwa mwaka wa mwisho, wametoka mazoezi ya kufundisha, wana madeni na sapu, mitihani ya kurudia, za kufikiria, pochi hawana habari nazo tena.

Lakini si kila vazi linahojiwa, na hapo ndipo mjadala huu unaponiudhi hasa. Kijana wa kiume akiingia na raba za Jordan, nazo zimetoka Kariakoo kwa njia ile ile, ataulizwa amezipata wapi, ndiyo, lakini kwa maana ya kutaka na yeye akanunue. Akivaa jezi ya Arsenal ya feki ataulizwa mechi ya Jumapili. Akija na simu ya milioni moja na nusu ataitwa mjanja. Lile lile swali, kwa binti linakuwa la polisi, kwa kaka linakuwa la wateja. Na kama kweli tunahofia boom linapotelea wapi, tungezungumza kuhusu mikeka ya kubeti. Wapo vijana ambao fedha ya kujikimu ya miezi miwili, laki sita, inaingia kwenye simu Ijumaa na Jumapili usiku imeshabaki ya nauli. Ile haibebwi begani. Hakuna anayeiona ikipita mbele ya maktaba. Kinachoonekana kinahukumiwa, kisichoonekana kinakopeshwa hadi boom lijalo, tena na wale wale wanaoitwa wadangaji.

Tabora ingetakiwa kuwa mji wa mwisho kushangaa vitu vya mbali. Mji huu umejengwa juu ya vitu vya mbali. Richard Burton alipofika hapa Novemba 1857, palipoitwa Kaze, alikuta soko linaloendeshwa kwa shanga na vitambaa, na aliandika kwamba shanga zilizokuwa zikizunguka katika biashara hii zilikuwa za aina kama 400. Kitambaa cha merikani kilikuwa kikifumwa katika viwanda vya Marekani, kaniki ikitoka India, shanga nyekundu za samesame zikitoka Ulaya kupitia Zanzibar. Na mitindo ilikuwa mikali kuliko ya leo. Shanga nyeusi zilipita Ugogo na kukataliwa kwingine. Sungomaji zilithaminiwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa, huku pengine hazikuweza kununua hata kuku. Mfanyabiashara aliyebeba rangi iliyopitwa na wakati alikwama njiani na wapagazi wake wenye njaa. Wapagazi wenyewe, Wanyamwezi wetu, walitembea mpaka pwani na mizigo ya frasila mbili begani, na kijana aliyekwisha kwenda pwani na kurudi na nguo mpya alionekana amekomaa, hata kwa wazee wa mchumba. Simaanishi kwamba biashara ile ilikuwa safi. Pembe za ndovu na watu walipita njia hizo hizo. Ninachosema ni kwamba babu zetu walijua kitambaa cha Massachusetts kinaweza kuvaliwa na mtu ambaye hakuwahi kumiliki ng'ombe hata mmoja, na walipotaka kujua utajiri wa mtu waliuliza mifugo na ghala.

Hukumu tunayotoa leo ina babu mwingine, wa karibu zaidi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kung'arisha ngozi. Operesheni Vijana ikapangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Hata kabla ya tarehe hiyo, mitaani Dar es Salaam wanawake walizomewa na kushambuliwa kwa sababu ya urefu wa gauni. Lugha ilikuwa ya utamaduni wa taifa, lakini waliopigwa walikuwa mabinti waliokwenda kazini mjini, wenye mshahara wao. Na uvumi uliowafuata ulikuwa huu huu: nguo ile kapewa na nani? Zaidi ya miaka 50 imepita, azimio limesahaulika, sketi fupi zimerudi na kuondoka mara kadhaa, na swali halijazeeka hata kidogo.

Huwa nalinganisha na tukio la miaka miwili kabla yake. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Tabora na baadaye akafundisha Tabora, alikasirika kwelikweli, akawafukuza mamia yao na kusema wasomi wanajitenga na wananchi. Unaweza kumlaumu kwa kuwafukuza. Mimi naona alizidisha. Ila siku ile ile aligeukia mishahara, na akatangaza kupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Hasira yake dhidi ya tabaka jipya la wenye nacho ilikwenda kwenye fedha yenyewe, ambayo inaandikwa na kuhesabika, akaanza na mfuko wake. Operesheni Vijana ilichukua hasira hiyo hiyo na kuipeleka kwenye mapaja ya wasichana. Sisi tumerithi njia ya pili na kuisahau ya kwanza.

Nikisema hivi naambiwa: wewe unafumba macho, masponsa wapo. Wapo. Hakuna mtu anayeishi karibu na chuo asiyeyajua magari yanayopaki nje ya hosteli Ijumaa jioni na taa zimezimwa. Na wapo mabinti wanaolipiwa kodi, simu na mikoba, wengine kwa hiari yao ya watu wazima, wengine kwa njaa. Kuna hata lililo baya zaidi ya sponsa, la mtu mwenye madaraka juu ya alama au nafasi anayedai mwili. Hilo sheria ililiona: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinalitaja kama rushwa, na kinamlenga aliyeshika madaraka. Tazama mwelekeo wa sheria, halafu tazama mwelekeo wa kimbweta. Sheria inamuuliza mtoaji: kwa nini unampa, na unataka nini? Kimbweta kinamuuliza binti: umepata wapi? Mwenye gari anasikiliza redio, taa zimezimwa, hana swali la kujibu. Na binti ambaye kweli ananyanyaswa, akiwa ameshaitwa mdangaji kwa sababu ya mkoba wa elfu 25, ataanzia wapi kwenda kushitaki? Ataambiwa si ndiye mwenye pochi ile.

Sitaki pia kuwafanya wabeba mikoba wote kuwa malaika. Mashauzi yapo. Kuna binti anayeweka mkoba mezani nembo ikitazama watu, anaupiga picha kuliko anavyopiga picha ubao wa mhadhara, na anamcheka mwenzake aliyeshuka stendi na shangazi kaja. Huyo anastahili kuambiwa, kama ambavyo angeambiwa kwa kujivunia nywele au kabila. Kosa lake ni kumcheka mwenzake, na lingekuwa kosa hata kama angekuwa amebeba mfuko mbadala wa sokoni. Na kuhusu shangazi kaja, ningependa ajue kwamba mwaka 2007, mwaka ule ule wa Neverfull, Louis Vuitton walipeleka jukwaani Paris mkoba wa mirabaraba ya buluu na nyekundu ulioigwa kutoka kwenye lile lile begi la plastiki tunalofungia mahindi na magodoro, wakautoza bei ya kampuni yao. Kampuni inayolalamikia waigaji iliiga mzigo wa abiria maskini. Angeubeba binti wa Urambo siku hiyo, akaketi karibu na vimbweta, nani angemuuliza kapata wapi?

Kama kuna mtu anahitaji mahali pa kupeleka ghadhabu yake kuhusu anasa, papo. Juni 2024 mahakama ya Milan iliiweka chini ya usimamizi wa mahakama kampuni inayotengeneza mikoba ya Dior nchini Italia, baada ya wachunguzi kukuta mafundi wa kandarasi, wengi wao wahamiaji, wakifanya kazi kwa saa nyingi katika hali mbaya. Nyaraka za kesi zilionyesha mkoba mmoja uliuzwa dukani kwa euro 2,600 huku fundi wa kandarasi akilipwa euro 53 kwa kuuunganisha, bila kuhesabu ngozi. Hebu zungumzeni hilo kimbwetani. Wanafunzi wa biashara wapige hesabu ya faida, wa sheria watueleze wajibu wa kampuni kwa mafundi wa kandarasi, wa sosholojia watuambie kwa nini mnunuzi anaridhika. Mada moja, alasiri nzima, na hakuna binti aliyevuliwa heshima.

Zaidi ya hapo sioni chuo kina kazi gani na mikoba. Taratibu za mavazi zinazobandikwa mlangoni zinatosha kwa yanayohusu staha, na hata hizo zinasimamiwa kwa ukali zaidi kwa wa kike. Yule aliyekopa boom atalirudisha: asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi, akishaajiriwa, hadi deni liishe, awe alilila, alilivaa au alilichana mkekani. Deni ni lake.

Kinachohitaji kurekebishwa ni ile kamati ya watu watatu wanaogawa mchango wa darasa, na wenzao wa jumuiya za dini na vikundi vya hosteli. Fomu ya nusu ukurasa inatosha: nani anakusomesha, mkopo wako ni kiasi gani, chumba unalipa shilingi ngapi, nyumbani mnategemea nini, umepatwa na nini. Anayejaza aweke sahihi, na akikataliwa aambiwe kwa nini. Kisanduku cha kuandika aina ya pochi hakihitajiki. Bodi yenyewe imegawa mikopo tangu Julai 2005 bila kuwa nacho.